Mguu wa Kunguru

Katika idara ya dharura ya hospitali ile kulikuwa na kigoda cha mbao, kifupi, ambacho watu walikiogopa kuliko sindano. Daktari alipokitoa chini ya meza yake na kukibeba kuelekea kitanda fulani, au kuelekea lile benchi la ndugu nje ya mlango, mazungumzo yalikatika. Maana yake kuna mtu anakwenda kuambiwa jambo zito. Hakuwahi kusema jambo kama hilo akiwa amesimama. Alikaa, akawa chini kidogo ya macho ya anayeambiwa, akasema, kisha akabaki pale pale mpaka yule mtu amalize kulia, au kumtukana, au kuuliza lile swali ambalo kila mtu huliuliza mara ya pili na ya tatu kana kwamba jibu litabadilika.

Ndiyo maana walimwita Mama Kigoda. Hawakumwita hivyo mbele yake, ingawa alijua.

Miaka yake mingi ya kazi aliipitisha katika chumba kile chenye vitanda sita na mapazia yaliyofuliwa mpaka yakapoteza rangi. Alianza kazi kwenye zahanati ya pembezoni, akaenda kusoma tena, akafanya kazi katika hospitali kubwa ambako mtu angeweza kufa na daktari wake asijue sura yake, kisha akaomba kurudi mahali padogo. Madaktari wapya walioletwa kujifunza kwake walitegemea kufundishwa mambo ya mashine. Aliwafundisha, lakini kwanza aliwafundisha kusimama mlangoni na kutazama.

"Yule anayepiga kelele ana pumzi," alikuwa akisema, kwa sauti yake ya chini iliyowalazimu wamsogelee. "Tafuta aliyenyamaza."

Hakupenda mtu ahukumiwe kwa harufu ya pombe wala kwa nguo. Mlevi naye ana fuvu, alisema, na fuvu lake huvunjika kama la askofu. Lakini jambo alilolisimamia kuliko yote lilikuwa hili: aliyeamua ndiye atakayesema. Kama ni wewe uliyeona mgonjwa huyu asubiri, wewe ndiye utakayekwenda kumwambia kwamba ulimsubirisha, na sababu. Usimtume sista. Usiwaachie wa zamu inayofuata. Na usiseme "imeamuliwa," kana kwamba uamuzi ulidondoka kwenye dari.

Kanuni hiyo aliipata kabla ya kuwa daktari. Mama yake alipofariki, yeye alikuwa msichana wa shule na mdogo wake wa kiume alikuwa bado anabebwa. Walikuja wodini asubuhi na uji kwenye chupa, wakakuta kitanda kimetandikwa. Daktari alipita kwenye ukumbi, akawaona, akapita tena. Aliyewaambia ni mgonjwa wa kitanda cha jirani, ambaye alikuwa akitafuta mahali pa kuweka kikombe chake. "Mnamtafuta yule mama? Si alishakufa alfajiri." Halafu akakiweka kikombe juu ya kabati la mama yao.

Hakumchukia yule daktari. Baadaye, alipovaa koti jeupe yeye mwenyewe, alielewa jinsi mtu anavyoweza kupita pembeni mwa watoto wawili kwa sababu tu hajui aanzie wapi. Alielewa, lakini hakutaka kuwa kama yeye.

Yeye ndiye aliyemlea mdogo wake huyo pamoja na bibi yao, na bibi alipoondoka akabaki naye peke yake. Mdogo huyo alikua akawa fundi wa paa. Mjini wote walimwita Kunguru, kwa sababu kutwa yuko juu ya nyumba za watu, na kwa sababu hanyamazi. Ukipita chini anakuita, anakuuliza habari za mkeo, anakutania kuhusu kipara chako anachokiona vizuri zaidi kuliko wewe. Alioa mwanamke mpole aliyeuza vitambaa, na Daktari alimpenda wifi yake huyo kama alivyompenda mdogo wake, bila maneno mengi.

Siku ya mkasa wenyewe ilianza kimya. Sakafu ilikuwa ndiyo kwanza imepigwa deki. Watu wawili wasiojulikana walimleta mwanamke kijana nyuma ya gari la mizigo. Lori lilikuwa limemgonga kwenye njia panda na hawakujua jina lake. Alilala kwenye machela akitazama juu. Hakulia. Daktari wa mafunzo, kijana mmoja makini aliyekuwa na miezi michache tu pale, alimuuliza anaumwa wapi, naye akasema ana kiu.

Daktari alilisikia neno hilo akiwa upande wa pili wa chumba. Akaja. Alimshika mkono; ulikuwa wa baridi na unyevu. Akaweka kiganja juu ya tumbo, na tumbo lilikuwa gumu kama ubao.

"Presha?"

"Inashuka," alisema Sista Mkuu, mwanamke mnene wa makamo ambaye alifanya kazi na Daktari tangu wote wawili walipokuwa wembamba. "Na inashuka bila hata kuaga."

"Anavuja damu ndani. Mpigieni daktari wa upasuaji anawe, ajiandae."

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa tena, kwa kishindo, na mafundi wanne waliojaa vumbi wakaingia wamebeba ubao wa kufungia zege. Juu yake alikuwa Kunguru. Boriti za paa walilokuwa wakilipandisha ziliteleza zikamlalia mguu, na ilichukua muda mrefu kuzinyanyua.

"Dada!" alipiga kelele. "Dada, uko hapo?"

"Niko hapa."

"Niangalizie kama na mguu uko hapo. Hawa jamaa hawaniambii ukweli, wananiambia niimbe."

Mafundi walicheka kwa woga. Mkewe alikuwa anakuja nyuma, anahema, kiatu kimoja mkononi.

Daktari alikata suruali. Chini ya goti mguu ulikuwa umepondwa, na unyayo ulikuwa mweupe na baridi kama sahani. Alitafuta mapigo kwenye kifundo, akatafuta juu ya unyayo, akatafuta nyuma ya goti. Kisha akavua glavu na kurudi nyuma hatua moja.

"Mhudumie wewe," alimwambia daktari kijana. "Huyu ni ndugu yangu. Mpe dawa ya maumivu, kisha uniambie umeona nini."

Daktari kijana alifanya kila kitu alichofundishwa, tena vizuri. Wakasogea pembeni, karibu na sinki.

"Mguu unaweza kuokolewa," alisema. "Mishipa ikiunganishwa sasa hivi. Ukisubiri, unakufa."

"Na yule dada?"

"Yule anahitaji kufunguliwa tumbo."

Hospitali ilikuwa na chumba kimoja cha upasuaji, daktari mmoja wa upasuaji na mtu mmoja wa kulaza wagonjwa usingizi. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda hospitali kubwa na mama mjamzito, na lisingerudi mapema. Kwa utaratibu wa pale, daktari wa dharura ndiye aliyepanga nani aende kwanza; wa upasuaji alimpokea yule aliyeletewa.

"Mimi naona fundi atangulie," alisema daktari kijana. "Huyu dada tumwongeze damu, tumsubirishe kidogo."

"Damu gani? Umefungua friji?"

Kijana aliifungua friji ya damu, akaifunga tena. Ilikuwa tupu.

"Kama angekuwa fundi mwingine yeyote wa mjini, ungeniambia nini?"

Kijana alitazama viatu vyake. "Ningesema yule dada kwanza."

"Sawa. Lakini hukuamua wewe, usije ukajibebesha mzigo. Nimeamua mimi."

Akachukua simu iliyokuwa ukutani. Daktari wa upasuaji alikuwa tayari amenawa. Sauti yake ilikuja na mwangwi wa chumba kitupu. "Nasikia una wawili. Unaniletea nani?"

"Mwanamke. Tumbo."

"Na mguu? Wananiambia ni wa mdogo wako."

"Ni wake. Utasubiri."

"Leta," sauti ikasema.

Machela ilisukumwa ukumbini. Daktari alibaki amesimama na simu mkononi mpaka Sista Mkuu alipomnyang'anya na kuitundika. Kisha akaenda kwenye meza yake, akainama, akatoa kigoda. Alikuwa amekibeba, amefika karibu kabisa na kitanda cha mdogo wake, mama mmoja alipoingia mbio na mtoto aliyekuwa akitetemeka mwili mzima, macho yamegeuka. Daktari alikiweka kigoda chini, akamkimbilia mtoto.

Degedege lile halikutaka kukata. Lilikata, likarudi, likakata tena. Alipomaliza na mtoto amelala akipumua vizuri begani kwa mama yake, alifunua pazia la Kunguru na kumkuta ametulia, uso umelegea kwa dawa. Wifi alikuwa amemshika mkono. Sista Mkuu alikuwa anarekebisha dripu.

"Nimeambiwa, Dada," Kunguru alisema taratibu. "Bahati mbaya tu. Tungewahi kidogo tungekuta chumba kitupu. Hao wenzangu walikuwa wananyanyua boriti kama wanasali."

Daktari alimtazama Sista Mkuu. Sista Mkuu alitazama dripu.

"Sista kanieleza," Kunguru aliendelea. "Mtu akishapasuliwa tumbo huwezi kumwambia ampishe mwenzake. Hata mimi ningekataa kushuka."

Wifi alisimama, akaja, akaushika mkono wa Daktari kwa mikono yake miwili. "Asante, wifi. Ungekuwa hupo leo sijui tungefanyaje. Mungu akubariki."

Daktari alifungua mdomo. Alikuwa na maneno yenyewe, yamepangwa. Alikuwa ameyabeba pamoja na kigoda. Akasema, "Poleni."

Alasiri Kunguru alipelekwa chumba cha upasuaji. Daktari wa upasuaji alimweleza kabla hajalala, naye akaitikia kwa kichwa. Mguu ulikatwa chini kidogo ya goti.

Jioni, wakibadilisha nguo, Daktari alimuuliza Sista Mkuu kwa nini alifanya vile. Alimuuliza kwa upole, alitaka kujua.

"Kwa sababu mdogo wako ana mtu mmoja tu wa damu yake hapa duniani," Sista Mkuu alisema, akihangaika na kifungo cha sweta. "Siku moja apoteze mguu na apoteze dada pia? Mimi siwezi. Wewe una moyo wa chuma, mimi wangu ni wa nyama."

"Ilikuwa nimwambie mimi."

"Basi mwambie. Nani kakufunga mdomo?"

Hakuna aliyemfunga. Kesho yake Kunguru alikuwa na homa, na haifai kumpa mtu mwenye homa mzigo mwingine. Homa iliposhuka, kidonda kilikuwa kinachuruzika. Kidonda kilipotulia, alikuwa ameanza kucheka tena na wenzake wa wodi, na nani angependa kumkatiza? Kila sababu ilikuwa nzuri. Zote zingekubalika kwa mgonjwa yeyote, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi, kwa sababu kwa mgonjwa yeyote mwingine asingezikubali.

Na watu walimshukuru. Mafundi walikuja kumwona mwenzao, wakampa mkono mmoja mmoja. Wifi alimletea kitambaa kizuri cha rangi ya samawati, amekikunja na kukifunga kwa utepe. Alikipokea. Alikiweka ndani ya droo kazini, hakuweza kukipeleka nyumbani. Yule mwanamke wa lori, ambaye ilijulikana kwamba ni msusi anayeishi na shangazi yake, alitolewa wengu, akapata nafuu, akaanza kutembea akishikilia ukuta. Daktari alikwenda kumwona kila siku. Alipotoka kwake alipita mlango wa wodi ya wanaume bila kuingia, kisha akarudi na kuingia, akamuuliza mdogo wake kama amekula.

Msusi alisharuhusiwa kwenda kwao siku Daktari aliposikia maneno nyuma ya pazia.

Alikuwa anaosha mikono. Upande wa pili, mama mmoja mtu mzima alikuwa anauliza kwa nini mume wake alikalishwa kwenye benchi muda wote ule na mkono uliovunjika. Hakuwa anagomba. Aliuliza tu. Sauti ya daktari kijana ikajibu, imetulia, yenye huruma: "Samahani sana, mama. Mashine ya picha ilikuwa inatumika."

Daktari aligeuza kichwa. Mashine ya picha ilikuwa pale kwenye kona, imefunikwa shuka lake tangu asubuhi.

Alimngoja atoke. "Mashine ilikuwa inatumika?"

"Hapana."

"Kwa nini alisubiri?"

"Nilikuwa na yule wa pumu. Nilimwona yeye kwanza."

"Ulifanya sawa. Sasa kwa nini hukumwambia hivyo?"

Daktari kijana hakujitetea. Alionekana kushangaa kidogo kwamba anaulizwa. "Nilidhani kuna nyakati tunaruhusiwa," alisema. "Ikiwa ukweli hautamsaidia mtu. Kama ulivyofanya kwa mdogo wako."

Sista Mkuu, aliyekuwa anahesabu sindano mezani, aliacha kuhesabu.

Daktari aliitazama ile mashine iliyofunikwa shuka. Aliwaza jinsi alivyomfundisha kijana huyu: si kwa mihadhara, kwa kumwacha atazame. Naye alikuwa ametazama vizuri.

"Rudi kwa yule mama," alisema mwishowe. "Mwambie ilivyokuwa."

"Atanifokea."

"Atakufokea."

Kijana alivuta pumzi. Akaelekea kwenye meza, akainama. "Naomba kigoda."

"Hapana," Daktari alisema, akakichukua. "Tafuta kiti kingine. Hiki nakihitaji mimi."

Wodi ya wanaume ilikuwa mwisho wa ukumbi mrefu. Kunguru alikuwa kitanda cha dirishani, mito miwili mgongoni, anamsimulia mzee wa kitanda cha pili kuhusu tajiri mmoja aliyetaka paa lake liwe refu kuliko la jirani, na jirani naye akamwita fundi huyo huyo. Wifi alikuwa anamenya chungwa. Mzee alikuwa anacheka na kukohoa. Kisha Kunguru akamwona dada yake mlangoni, akaona alichobeba.

"Aa, Dada, hicho kirudishe." Bado alikuwa anatabasamu. "Mguu ushakwenda zake, sasa unakuja kuniambia nini? Kwamba na wa pili unataka kuhama?"

Daktari alikiweka kigoda kati ya kitanda na dirisha. Akakaa. Tabasamu la Kunguru likaondoka polepole.

"Wifi, kaa na wewe," Daktari alisema. "Ni habari ya siku ile. Sista hakukwambia ilivyokuwa. Alifanya hivyo kwa kukuhurumia, usimlaumu. Ulipoletwa, chumba cha upasuaji kilikuwa kitupu."

"Kitupu?"

"Kitupu. Daktari alikuwa amenawa, anasubiri nimwambie ampokee nani. Kulikuwa na mwanamke aliyegongwa na lori, anavuja damu tumboni. Nilisema aende yeye. Ulikuwa pale dharura, unanitania, naye alikuwa bado hajaondoka kitandani. Nilijua mguu wako ukisubiri utakufa. Nilijua, sikubahatisha."

Mzee wa kitanda cha pili aligeukia ukuta, akajifunika shuka mpaka kichwani kama mtu aliyepatwa na usingizi ghafla.

Wifi alikuwa wa kwanza kusema. "Ulijua."

"Ndiyo."

"Na mimi nilikushika mkono." Alikuwa bado ana chungwa na kisu. "Nikakushukuru. Nikakuombea kwa Mungu, wifi, na wewe ukaniangalia hivi, ukanyamaza. Nikakuletea na kitambaa."

"Ndiyo."

"Mguu labda ningeelewa. Kazi yako siijui. Lakini ulipokea kitambaa changu." Aliweka chungwa juu ya kabati, akaweka kisu kando yake, akatoka. Hakubamiza mlango. Alitembea ukumbini kwa hatua za kawaida mpaka hazikusikika tena.

Kunguru alikuwa anatazama mahali ambapo shuka lilikuwa tambarare.

"Yuko wapi?" aliuliza.

"Nani?"

"Huyo mwanamke."

"Alirudi kwao."

"Anatembea?"

"Anatembea."

"Kama ungenipeleka mimi kwanza, angekufa?"

"Karibu na hakika."

"Karibu."

"Karibu. Siwezi kusema zaidi ya hapo."

"Kwa hiyo huenda asingekufa."

"Huenda."

Alilitafakari hilo. Alikuwa mtu wa vipimo. Maisha yake yote aliyapitisha akijua boriti hii itabeba na ile haitabeba. Alipanga kitu kichwani, akakipangua.

"Siku ile ikirudi leo," alisema, "utafanyaje?"

Daktari aliujua uzito wa swali. Alijua pia kwamba jibu la kumfariji lipo, na ni fupi. "Nitampeleka yeye," alisema. "Lakini nitakuja kukwambia kabla hajafika mlangoni."

"Bora ungesema ulikosea."

"Nilikosea kunyamaza. Lile lingine sikukosea."

"Bora ungesema tu, Dada." Sauti yake ilikatika katikati. Mtu huyu aliyemtania kila mpita njia alilia bila kuficha uso, mikono imelala juu ya shuka kama vyombo vya kazi vilivyoachwa. Daktari hakumgusa. Alibaki pale alipokaa, kama alivyobaki kwa mamia ya watu wengine, na akagundua kwamba kwa wale wengine haikuwa hivi hata kidogo. Kwa wale alikuwa ameketi karibu na maumivu, na sasa maumivu yenyewe yalikuwa yametoka kwake.

Muda ulipita. Kunguru alijifuta kwa ncha ya shuka.

"Toka, Dada."

Alisimama, akachukua kigoda. Alikuwa mlangoni aliposikia sauti.

"Kesho unakuja?"

"Ukitaka."

"Sitakusemesha."

"Sawa."

"Lakini uje."

Alikuja. Alikuja kila alipotoka zamu, bado ana alama ya kamba za barakoa mashavuni, akakaa kwenye kiti cha wageni. Kunguru hakumsemesha, kama alivyoahidi. Alipiga soga na mzee, akasoma gazeti la zamani, akatazama nje, ambako mtu asiyejua kazi alikuwa anaezeka paa la jiko la hospitali kwa namna iliyomtesa sana. Daktari hakujaribu kuanzisha mazungumzo. Hakuleta zawadi. Wifi alipomwona anaingia, alikusanya vyombo vyake na kutoka bila salamu. Kitambaa alikuwa amerudishiwa, na utepe wake, na alikipokea bila neno.

"Hawa wawili," mzee wa kitanda cha pili alimwambia muuguzi siku moja, akidhani ananong'ona, "ni kama wanangoja basi, na kila mmoja anaona aibu kuuliza kama limeshapita."

Huko dharura kazi iliendelea. Daktari kijana alifokewa na yule mama, akafokewa vizuri, na kisha yule mama akamuuliza kama mwenye pumu amepona. Alilisimulia hilo kwa mshangao kwa siku kadhaa. Sista Mkuu alikwenda mwenyewe kwa Kunguru kuomba radhi. Alichoambiwa hakukisema, alirudi macho mekundu akamgombeza mfagizi bila kosa, kisha akamwomba radhi na yeye.

Ilikuwa alasiri ya joto, madirisha yote yamefunguliwa. Kunguru alikuwa amelala chali, uso umekunjamana, anakunja vidole vya mkono na kuvikunjua. Daktari aliona. Alisubiri.

"Vinawasha," Kunguru alisema, akiielekea dari.

Sauti yake ilimshtua. "Nini?"

"Vidole vya mguu."

"Vya kulia?"

"Vya kulia vingekuwa vinawasha ningevikuna mwenyewe." Alimeza mate. "Vya kushoto. Hivyo visivyokuwepo. Tangu juzi. Nikisema kwa watu wataniona nimechanganyikiwa."

"Hujachanganyikiwa. Inatokea kwa wengi. Kichwa bado hakijapata habari."

"Kitapata lini?"

"Sijui. Wengine huacha upesi. Wengine huendelea miaka. Kuna dawa, nitamwomba daktari wako aijaribu, lakini siwezi kukuahidi."

Kunguru alifumba macho. Taya zilikaza, zikalegea, zikakaza tena.

"Nikune," alisema.

"Haitasaidia."

"Najua haitasaidia. Nikune tu."

Daktari alisogeza kiti mpaka mwisho wa kitanda. Alitazama lile shuka lililonyooshwa, akakadiria mahali unyayo ungekuwa umefika; aliujua urefu wake, aliuvalisha viatu tangu ulipokuwa mdogo. Akaweka mkono juu ya godoro tupu, akaanza kukuna.

"Kushoto zaidi," Kunguru alisema, macho bado yamefumba. "Hapana, umepita. Rudi."

Akarudi.

"Hapo."